Paa jeupe halifuti faini: dhana potofu kuhusu mapaa ya kuakisi jua na sheria ya New York

Tangu 2024, majengo ya New York yenye zaidi ya futi za mraba 25,000 (kama mita za mraba 2,300) yamewekewa kikomo cha hewa ukaa kwa mwaka. Hiyo ni Sheria ya Jiji namba 97, iliyopitishwa 2019. Anayevuka kikomo anaweza kutozwa dola 268 kwa kila tani iliyozidi, na mwaka unaofuata hesabu inaanza upya. Ukiwasikiliza wanaouza rangi nyeupe ya paa, utadhani ndoo chache zinamaliza kazi. Mimi naipenda rangi hiyo, na ndiyo maana sipendi isifiwe kwa yasiyo yake.

"Nikipaka tu, nimetii sheria"

Sheria haina habari na rangi ya paa lako. Inachosoma ni mita. Umeme, gesi, mafuta na mvuke wa moto wa kununua hujumlishwa kwa mwaka mzima, kila kimoja kikazidishwa kwa kigezo chake hadi zipatikane tani. Paa jeupe linaingia kwenye hesabu hiyo hasa kwa mlango mmoja: umeme ambao viyoyozi havikuutumia.

Tuchukue mfano. Tuseme paa limekuokolea uniti 40,000 za umeme kwa mwaka (uniti moja ni kilowati-saa moja). Kigezo cha 2024 hadi 2029 ni tani 0.000288962 kwa uniti, kwa hiyo umepunguza tani 11.6. Kama ulikuwa umevuka kikomo kwa kiasi hicho au zaidi, umejiepusha na dola 3,100 hivi za faini, mbali na nafuu ya bili yenyewe. Si haba. Lakini kuanzia 2030 kigezo cha umeme kinashuka hadi 0.000145, kwa kuwa gridi inatarajiwa kuwa safi zaidi. Uniti zilezile 40,000 sasa ni tani 5.8. Jua ni lilelile na paa ni lilelile, ila mbele ya sheria thamani yake imekatika nusu, na mwaka huohuo vikomo vinabana zaidi.

Gesi haina bahati hiyo. Ukiichoma, kaboni ni ileile mwaka wowote. Boila, yaani mtambo wa kupashia jengo joto, linalokula themu 10,000 za gesi kwa mwaka (themu ni kipimo cha nishati ya gesi) linatoa tani 53 leo, na litatoa tani 53 mwaka 2032. Katika nyumba nyingi za zamani za kupangisha mzigo mkubwa uko hapo, chini kabisa kwenye chumba cha boila, wakati fundi wa rangi yuko juu.

Kuna hata majengo, zikiwemo nyumba za ibada na baadhi ya nyumba za kodi nafuu, yaliyopewa njia nyingine: kutekeleza orodha ya kazi 13. Humo utakuta kufunika mabomba ya joto, kuziba mianya ya hewa, kuweka karatasi ya kuakisi joto nyuma ya vipasha joto vya ukutani. Rangi ya paa haimo.

"Majira ya baridi yatakula faida yote"

Hii si uongo mtupu, na wauzaji huipita haraka mno. Paa jeusi kweli huokota joto la bure wakati wa baridi. Ila huokota kidogo. Mwishoni mwa Desemba mchana wa New York ni wa saa tisa na robo hivi, na jua la adhuhuri linapanda nyuzi 26 tu juu ya upeo wa macho. Mwezi Juni linafika karibu 73, na mchana ni wa saa kumi na tano. Na theluji ikitanda, kila paa ni jeupe.

Kwa hiyo kwenye joto lenyewe, majira ya joto yanashinda. Kwenye tani, mambo yanageuka kidogo. Kiyoyozi kizuri huondoa uniti tatu za joto kwa uniti moja ya umeme. Boila lenye ufanisi wa asilimia 80 linahitaji uniti 1.25 za gesi kurudisha uniti moja ya joto. Ukipitisha hayo kwenye vigezo vya sheria, uniti ya joto uliyoikosa majira ya baridi ina uzito wa zaidi ya mara mbili ya ile uliyoizuia majira ya joto. Kwa kigezo cha 2030, ni karibu mara tano.

Maana yake si kwamba usipake. Jengo lenye viyoyozi vinavyofanya kazi miezi mingi, kama duka kubwa au ofisi, bado linapata. Lakini jengo la makazi lenye boila la gesi, viyoyozi vichache vya dirishani na paa lisilo na tabaka la kuzuia joto, linaweza kupaka na tani zisisogee. Hapo ningeanza na hilo tabaka, maana linafanya kazi majira yote.

"Jengo kubwa, faida kubwa"

Ukubwa wa kutanuka, ndiyo. Wa kwenda juu, hapana. Ghala la ghorofa moja karibu lote ni paa. Kwenye mnara wa ghorofa 40, mpangaji wa juu kabisa atakushukuru, na wa ghorofa ya tatu hatajua kama mafundi walikuja. Jua lake linaingia dirishani.

"Kinachong'aa ndicho kinachopoa"

Bati tupu linaakisi mwanga vizuri, lakini joto dogo linalolipata linalishikilia, haliliachii hewani kwa mnururisho. Liguse adhuhuri utaelewa. Paa la kuakisi linahitaji sifa zote mbili, kurudisha mwanga na kuachia joto. Wala si lazima liwe jeupe pe: karibu nusu ya nishati ya jua ni miale ya joto isiyoonekana kwa macho, na zipo rangi za kijivu au kahawia zinazoirudisha hiyo. Nyeupe bado inaongoza.

"Ukishapaka, umepaka"

Panda juu ya paa lililopakwa miaka mitatu iliyopita. Pale maji yanaposimama karibu na mdomo wa bomba kuna ukoko mweusi wa tope kavu, na kutoka mlangoni hadi kwenye mitambo ya viyoyozi kuna njia ya nyayo za mafundi, kama ya mbuzi. Rangi iliyoakisi asilimia 80 ya jua ilipokuwa mpya inaweza kubaki na 60 hivi. Ndiyo maana Cool Roof Rating Council, baraza la Marekani la viwango vya mapaa haya, hupima bidhaa ikiwa mpya na tena baada ya miaka mitatu kwenye hewa ya wazi. Muulize muuzaji namba ya pili. Akikupa ya kwanza, muulize tena.

Na paa linalovuja lisipakwe kabla ya kuzibwa. Maji yatanaswa chini ya rangi, na miaka miwili baadaye utabandua vyote viwili.

"Paa jeupe na paneli za sola havikai pamoja"

Vinakaa, tena vizuri. Paneli ya silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, kwa hiyo kuwa juu ya paa lisilochemka kunaisaidia, na paneli za pande mbili huokota hata mwanga unaorudi kutoka chini. Sheria namba 92 na 94 za 2019 zinadai sola au bustani ya paa pale paa zima linapobadilishwa, kwa hiyo anayeng'oa paa lake lote la lami New York leo kwa kawaida hawezi kuishia kwenye ndoo ya rangi hata akitaka. Umeme wa paneli hizo unapunguzwa kwenye tani za jengo mwaka mzima, Januari ikiwemo.