Upopulisti ni Nini, na Tuutambueje Katika Wadi Zetu?

Si kila mgombea anayeahidi makubwa ni mpopulisti. Siku hizi jina hilo hubandikwa yeyote anayemtaja mama mboga jukwaani, na hapo tunakosa jinsi ya kuzipima siasa zetu. Kuahidi maji ni ahadi. Kugawa pesa na unga usiku wa kuamkia kura ni hongo, na sheria inaikataza. Upopulisti ni jambo jingine.

Mwaka 2004, mtaalamu wa siasa kutoka Uholanzi, Cas Mudde, aliueleza kuwa ni itikadi nyembamba inayoigawa jamii mafungu mawili yanayohasimiana: wananchi wema huku, wakubwa waliooza kule, kisha hudai kwamba siasa yote ifuate matakwa ya wananchi hao. Kwa kuwa ni nyembamba, hukaa na sera yoyote, ya kulia au ya kushoto.

Kenya tuliuona waziwazi mwaka 2022. Chama cha UDA, kwa alama ya wilibaro na kauli ya "Kazi ni Kazi", kiliwaita wapiga kura mahasla, yaani watu wa chini wanaohangaikia riziki, na kuwapambanisha na madainasti, familia zinazorithishana mamlaka. Mgombea urais wake, William Ruto, alikuwa Naibu Rais tangu 2013, wala hilo halikumzuia kujinadi kama mtu wa chini anayeandamwa na mfumo. Alimshinda Raila Odinga kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85. Haki isemwe: kampeni hiyo ilifanya hali ya mfuko wa mwananchi ijadiliwe pale ambapo tulizoea hesabu za makabila, na mimi naona hilo lilitufaa.

Shida kubwa iko mashinani, ambako wachache huangalia. Kenya ina wadi 1,450, na kazi ya MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, ni kutunga sheria za kaunti, kupitisha bajeti na kuisimamia serikali ya kaunti. Kazi hiyo yote ni ya kubishana na kusikilizana. Mpopulisti haiwezi, kwa sababu kwake wananchi wana sauti moja, nayo ni yake. Anayeuliza basari, yaani misaada ya karo, zilikwenda kwa nani "ametumwa". Mwanachama anayetaka kugombea naye tiketi ya chama ni "msaliti". Akishindwa katika mchujo, anasema kura zimeibwa hata kabla ya kuziona fomu za vituo. Wizi wa kura upo, na mwenye ushahidi ana mahakama ya kwenda; mpopulisti hahitaji ushahidi, maana haamini kwamba watu wake wanaweza kumkataa.

Kwa hiyo msikilizeni anavyowataja wasiomuunga mkono, kuliko anavyowasifu ninyi. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Nendeni kwenye vikao hivyo, mpinge kipengele kimoja cha bajeti mbele yake, na mwangalie anajibu hoja au anauliza nani amewatuma.