Misingi ya mwanzo ya chama na itikadi yake ya leo: mfano wa NRM nchini Uganda

Misingi ya mwanzo ya chama cha siasa ni yale mambo ambayo waasisi wake waliyaandika au kuyatamka hadharani kuwa ndiyo sababu ya chama kuwepo: ni dhuluma gani waliikataa, ni nani waliosema wanamtetea, na mamlaka wakiyapata wangeyatumia vipi. Itikadi ya leo, ambayo vyama vingi siku hizi huiita dira au nguzo, ni yale ambayo chama hicho hicho kinasema sasa kwamba kinayaamini. Watu wengi huzichanganya dhana hizi mbili kwa sababu maneno yake hufanana. Demokrasia iko kule na iko huku, na umoja wa taifa vilevile. Hata hivyo tofauti yake ni kubwa kuliko umri wa karatasi. Misingi ya mwanzo kwa kawaida huandikwa na watu ambao bado hawana madaraka, na kwa hiyo hujaa mambo ambayo mtawala hapaswi kumfanyia raia. Itikadi ya leo, chama kikiwa kimeshika dola, huandikwa na mtawala mwenyewe, nayo hujaa mambo ambayo anaahidi kumfanyia raia. Anayezisoma karatasi hizo mbili bila kuliangalia hilo atadhani hakuna kilichobadilika.

Uganda inafaa kwa somo hili kuliko nchi nyingi jirani, kwa sababu NRM (National Resistance Movement, yaani Vuguvugu la Upinzani la Taifa), iliyotawala tangu Januari 1986, iliingia Kampala ikiwa na maandishi mkononi. Kabla ya kuyasoma maandishi hayo ni lazima turudi kwenye maneno matatu ya Kiswahili yaliyobaki vinywani mwa wazee wa Kampala, hata wale ambao hawakizungumzi Kiswahili. La kwanza ni magendo, yaani biashara ya mlango wa nyuma iliyotawala uchumi wa miaka ya 1970, sukari na sabuni vilipokuwa vitu vya kutafutwa kwa kujuana. La pili ni mafuta mingi, jina walilopewa waliotajirika ghafla baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972 na kugawa maduka na viwanda vyao. La tatu, ambalo wengi hulitamka kwa sauti ya chini, ni panda gari: askari wa mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wakizingira mtaa, wakiwaamuru watu wapande malori, na kuwapeleka kuchujwa, na wapo ambao hawakurudi nyumbani tena. Mtu akiyaelewa maneno hayo matatu ameshaelewa nusu ya kile ambacho NRM ilikiandika msituni.

Vita vyenyewe vilianza tarehe 6 Februari 1981, Yoweri Museveni na wenzake waliposhambulia kambi ya kijeshi ya Kabamba. Mwaka huohuo kundi lake liliungana na lile la Yusuf Lule, rais wa zamani, ikazaliwa NRM pamoja na jeshi lake, NRA. Wakati wa vita hivyo ndipo ulipoandikwa Mpango wa Nukta Kumi. Uliahidi kurejesha demokrasia. Kurejesha usalama wa mtu na mali yake. Kuimarisha umoja wa taifa na kuondoa kila aina ya ubaguzi wa kabila na dini. Kuulinda uhuru wa nchi. Kujenga uchumi wa taifa unaojitegemea na ambao sehemu zake zinashikamana. Kufufua huduma za jamii na maeneo yaliyoharibiwa na vita. Kuondoa rushwa na matumizi mabaya ya madaraka. Kurekebisha makosa yaliyowafanya baadhi ya wananchi kupoteza makao yao, wakiwemo watu wa Karamoja, eneo la wafugaji kaskazini-mashariki mwa nchi. Kushirikiana na nchi nyingine za Afrika katika kutetea haki za binadamu. Na kufuata uchumi mseto, ambamo sekta binafsi na serikali zinafanya kazi bega kwa bega. Baadaye nukta hizo ziliongezwa zikafika 15.

Leo NRM hujitambulisha kwa nguzo nne: uzalendo, umajumui wa Afrika, mageuzi ya kijamii na kiuchumi, na demokrasia. Hizi ndizo zinazofundishwa katika chuo cha uongozi cha Kyankwanzi na katika mafunzo ya siasa ambayo Uganda nzima huyaita chaka mchaka. Mtetezi wa chama atasema kwamba zile kumi zimo ndani ya hizi nne, na kwa sehemu ana haki: vita dhidi ya ukabila vinaweza kuwekwa chini ya uzalendo, na huduma za jamii chini ya mageuzi. Lakini kuna jambo lililopoteza kichwa chake katika kukunjwa huko, nalo ni kuondoa rushwa na matumizi mabaya ya madaraka. Katika karatasi ya kwanza lilikuwa nukta kamili, sawa kwa uzito na usalama wa nchi. Katika nguzo nne halina nguzo yake, ijapokuwa linatajwa katika ilani za uchaguzi. Wala siwezi kusema kwamba hakuna lililofanyika, kwa kuwa ofisi ya Inspekta Mkuu wa Serikali iliundwa mwaka 1986, ikaja baadaye mahakama maalumu ya rushwa, na tarehe 4 Desemba 2019 Rais mwenyewe aliongoza matembezi ya kupinga rushwa mjini Kampala. Mwaka 2023, hata hivyo, mabati yaliyokusudiwa wananchi wa Karamoja yalionekana kuwa yamegawiwa wakubwa, na mawaziri wakafikishwa mahakamani. Watu wa Karamoja walitajwa katika nukta ya nane, rushwa katika nukta ya saba. Kashfa moja iligusa zote mbili.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni demokrasia, kwa sababu hapo ndipo mabishano mengi huanza kwa kumbukumbu isiyo sahihi. Mara kwa mara husikika kwamba Mpango wa Nukta Kumi uliweka ukomo wa mihula ya rais. Haukuweka. Ulieleza demokrasia kwa sehemu tatu: bunge linalochaguliwa, kamati za wananchi wenyewe katika ngazi ya kijiji, na hali nzuri ya maisha kwa kila mtu, maana mwenye njaa ni rahisi kununuliwa kura yake. Ukomo wa mihula ulikuja na Katiba ya 1995, iliyoandikwa chini ya utawala wa NRM wenyewe, ambayo ilimruhusu rais vipindi viwili vya miaka mitano mitano. Kwa hiyo Bunge lilipouondoa ukomo huo mwaka 2005, halikufuta nukta yoyote kati ya zile kumi. Lilifuta kifungu cha Katiba, na likaenda kinyume na maneno ambayo Museveni mwenyewe aliyasema alipokuwa mgeni madarakani, kwamba tatizo la Afrika ni viongozi wanaotaka kukaa madarakani kupita kiasi. Kutofautisha hayo si kumtetea mtu. Anayedai haki kwa kutaja kifungu ambacho hakikuwepo humpa mpinzani wake nafasi ya kumkana kwa urahisi, na hoja nzima hupotea pamoja na kifungu hicho.

Namna ukomo ulivyoondolewa nayo ina somo. Katika kampeni ya kuuondoa, iliyoitwa kisanja, wafuasi walijitokeza wakiwa wamevaa majani makavu ya mgomba, kwa kuwa neno hilo katika lugha za huku hubeba maana ya majani hayo na ya kipindi cha uongozi pia. Eriya Kategaya, rafiki wa Museveni tangu ujana na mmoja wa nguzo za vita vya msituni, alipinga na akaachwa nje ya baraza la mawaziri mwaka 2003. Alirudi serikalini mwaka 2006. Kizza Besigye, aliyekuwa daktari wa wapiganaji, alikuwa ameshaandika mwaka 1999 kwamba NRM imeupoteza ule msingi mpana wa kuwakusanya watu wa mielekeo yote. Desemba 2017 Bunge lilipiga kura 317 kwa 97 kuondoa sharti kwamba mgombea urais asizidi umri wa miaka 75, na Mahakama ya Juu ikakubali mwaka 2019 kwa tofauti ya jaji mmoja. Kipindi cha 2016 hadi 2021 kiliitwa rasmi Kisanja Hakuna Mchezo. Neno lililobishaniwa miaka kumi na zaidi kabla ya hapo likawa kaulimbiu ya kazi za serikali.

Tukumbuke pia kwamba NRM ilizaliwa mara mbili. Mara ya kwanza haikuwa chama. Ilikuwa vuguvugu lililosema linamchukua kila raia, na chini ya mfumo huo vyama vingine vilizuiwa kufanya kampeni na kusimamisha wagombea. Mara ya pili ni mwaka 2003, iliposajiliwa kuwa chama kama vyama vingine, miaka miwili kabla ya kura ya maoni ya Julai 2005 iliyorudisha vyama vingi. Ndiyo maana swali la misingi yake ni gumu kuliko la chama kingine chochote Uganda. Kilichoahidiwa na vuguvugu la wote sasa kinadaiwa kwa chama chenye kadi, rangi ya njano na alama ya basi.

Katika uchumi mabadiliko yalikuwa makubwa zaidi, lakini yalifanywa mchana kweupe. Serikali ilianza mwaka 1986 kwa kudhibiti bei na fedha za kigeni, na kwa kubadilishana bidhaa na nchi nyingine. Mei 1987 ilikubali mpango wa Shirika la Fedha la Kimataifa, ikatoa noti mpya zilizopunguzwa sifuri mbili, na katika miaka ya 1990 ikaanza kuuza mashirika ya umma. Benki ya biashara ya serikali iliyokuwa na matawi hadi wilayani iliishia mikononi mwa benki ya Stanbic mwaka 2002. Shirika la ndege lilifungwa mwaka 2001, kisha likafufuliwa na serikali hiyo hiyo mwaka 2019. Nukta ya kumi, ya uchumi mseto, ilikuwa pana kiasi cha kuyabeba yote hayo. Nukta ya tano, ya uchumi unaojitegemea, haikuwa pana hivyo, na naona ndiyo iliyoumia zaidi. Ukiisoma, mtendaji wake ni taifa: viwanda vinavyotengeneza zana, kilimo kinacholisha viwanda. Ukisoma Mpango wa Maendeleo ya Parokia, uliozinduliwa wilayani Kibuku tarehe 26 Februari 2022, mtendaji ni kaya. Kila parokia, ambayo hapa ni ngazi ya utawala wala si ya kanisa, hupewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na mwanachama wa ushirika wa akiba hukopeshwa hadi milioni moja afuge kuku au apande kahawa. Milioni moja kwa mjane mwenye shamba la robo ekari ni fedha ya kweli. Lakini kutoka nchi inayojitegemea hadi kaya inayokopa, lengo limehama, hata kama chama hakijatamka kwamba limehama.

Usalama ndio msingi uliotimizwa kwa kuonekana zaidi, ingawa si kwa wote kwa wakati mmoja. Panda gari ilikwisha Kampala, na kizazi kizima kimekua bila kuijua. Kaskazini, vita vya LRA, kundi la waasi la Joseph Kony, viliendelea hadi mwaka 2006 huku zaidi ya watu milioni moja wakiishi kambini.

NRM si peke yake katika kubadilika. UPC (Uganda People's Congress), chama cha rais wa zamani Milton Obote, ilipitisha Mkataba wa Mwananchi wa Kawaida mwaka 1969, na tarehe 1 Mei 1970 Obote akatangaza katika uwanja wa Nakivubo, Kampala, kwamba serikali itachukua asilimia 60 ya makampuni makubwa. UPC hiyo hiyo, iliporudi madarakani, ilikubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1981. DP (Democratic Party), iliyoundwa mwaka 1954 kutokana na manung'uniko ya Wakatoliki waliojiona wametengwa katika vyeo, ingali na jembe lake na kaulimbiu yake ya Ukweli na Haki, lakini mwaka 2022 kiongozi wake aliteuliwa kuwa waziri katika serikali ya NRM kwa mkataba wa ushirikiano.

Nimeziacha kwa makusudi kamati za vijiji hadi mwisho, kwa kuwa hapo msingi wa mwanzo bado unaweza kuguswa kwa mkono. Zilianza Luwero wakati wa vita, zikiwapa wanakijiji njia ya kujiamulia mambo na kuwasaidia wapiganaji. Baada ya 1986 zilienea nchi nzima, na sasa zinaitwa halmashauri za mtaa, au LC kwa ufupi. Hadi leo anayetafuta kitambulisho, pasipoti, dhamana ya polisi au akaunti ya benki huanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya ngazi ya kijiji, ambaye hutoa daftari, huandika barua kwa kalamu, kisha hugonga muhuri aliouhifadhi katika mfuko wa nailoni. Viongozi hao walichaguliwa mwaka 2001, na hawakuchaguliwa tena hadi tarehe 10 Julai 2018. Hata uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2007, kwamba halmashauri zilizotokana na mfumo wa zamani hazina uhalali, haukuharakisha uchaguzi. Siku hiyo ya Julai wagombea walisimama uwanjani, na wanakijiji wakapanga mstari nyuma ya wanayemtaka, mchana, kila mtu akiona mwenzake amesimama wapi, kisha msimamizi akapita akihesabu vichwa. Walikuwepo wapiga kura wa miaka 30 na zaidi ambao hawakuwa wamewahi kumchagua mwenyekiti wa kijiji chao.