Je, wajua namna ya kulitambua kangaga kubwa la kando ya kijito?

Ukishuka kutoka Amani, Usambara Mashariki, kufuata vijito vinavyoelekea Mto Zigi, hewa hubadilika kabla hujayaona maji. Jua linabaki juu ya miti, udongo unanukia majani yaliyooza, na mawe yote yamevaa kuvu na ukoga. Hapo ndipo makangaga yanapojazana, madogo kwa makubwa. Katikati yao kuna moja lisiloweza kukupita: majani yake yana urefu wa mita 2, mengine 3, yameinama juu ya maji kama makuti ya mnazi mchanga.

Picha za kangaga hili huonekana mara kwa mara mtandaoni, na chini yake swali lile lile: hili ni kangaga gani? Wanaojibu wengi husema ni kangaga-mti. Siwalaumu, maana picha karibu zote zimepigwa kutoka juu, na kutoka juu makangaga makubwa hufanana. Kangaga halina ua wala tunda la kulitambulisha. Kitambulisho chake kiko upande wa chini wa jani, na huko wapigapicha wengi hawafiki.

Jina lake la kitaalamu ni Ptisana fraxinea. Kwenye vitabu vya zamani utalikuta kama Marattia fraxinea, jina alilolipa Mwingereza James Edward Smith mwaka 1790. Mwaka 2008 mtaalamu wa mimea Andrew Murdock aliigawa jamii ile ya Marattia, na kundi hili akaliita Ptisana, neno la kale linalohusiana na shayiri iliyokobolewa. Kwa nini shayiri? Piga goti, ushike ncha ya jani taratibu, uligeuze.

Jani moja limegawanyika mara mbili. Kuna uti mkuu wa katikati, mnene na laini. Kutoka kwenye uti huo yanatoka matawi ya pembeni. Na kila tawi limepangwa majani madogo membamba, marefu kama kidole au zaidi, yenye meno madogo ukingoni. Juu ni kijani kizito kinachong'aa, chini kimepauka. Sasa tazama karibu na ukingo wa jani dogo, upande huu na huu. Utaona msururu wa punje za kahawia, kila moja ikiwa na urefu wa milimita 2 au 3, na kila moja ina mfereji unaopita katikati. Mimi nilipoziona mara ya kwanza sikufikiria shayiri hata kidogo, nilifikiria buni. Ni punje za kahawa zilizokobolewa, ila ndogo mno, zimebandikwa kwa mpangilio kama mtu amekaa akazihesabu. Ukiwa na kioo cha kukuzia, kitoe. Ukiziona punje hizo, msituni kwetu huna haja ya kutafuta ushahidi mwingine.

Uzuri ni kwamba punje hizo hazipo kwa sura tu. Katika makangaga mengi unayoyajua, spora, yaani chembe ndogo za uzazi, hukaa ndani ya vifuko vidogo sana vilivyokusanyika kama vidoto vya unga. Kila kifuko kina ukuta mwembamba wa tabaka moja la seli, na kimefungwa mshipi wa seli ngumu. Kikikauka, mshipi ule unajivuta nyuma, kisha unafyatuka kama manati na kurusha spora hewani. Ptisana haina manati. Vifuko vyake ni vya kuta nene, navyo vimeungana vikawa punje moja yenye pande mbili. Punje ikikomaa na kukauka, mfereji wa katikati hupasuka, pande zikaachana kama chaza anayefunguka, na ndani yake zinaonekana safu mbili za vyumba vidogo vyenye nyufa. Spora hutoka humo na kupeperuka.

Huo ni mtindo wa kale sana. Miaka milioni 300 hivi iliyopita, ndugu wa ukoo huu walikuwa miti mirefu katika vinamasi vilivyokuja kugeuka makaa ya mawe, na visukuku vyao vinaonyesha vifuko vya spora vilivyoungana kwa namna inayofanana na hii. Nikishika jani lile huwa naliwaza jambo hilo, na mkono unakuwa mwepesi wenyewe.

Na hilo kangaga-mti linalochanganywa nalo? Mara nyingi ni Alsophila manniana, ambalo wengi bado wanaliita Cyathea manniana. Nalo linapenda mabonde yenye vijito, kwa hiyo unaweza kuyakuta yote mawili hatua chache tu kutoka moja hadi jingine. Lakini hilo lina shina lililosimama, mita kadhaa kwenda juu, na vikonyo vya majani yake vina miiba mikali. Ukivishika bila kutazama utajua. Majani yake yamekatika vipande vidogo zaidi, na spora zake ziko kwenye vidoto vya duara kama vichwa vya pini. Ptisana haina shina la kusimama wala miiba.

Badala ya shina, pale chini pana bonge la nyama lililojikita kwenye tope, na vikonyo vinavyotoka hapo vinaweza kuwa vinene kama kifundo cha mkono. Pia, kila tawi linapoungana na uti wa jani pana fundo lililovimba, mfano wa goti. Jani zito namna hiyo halishikiliwi na mbao. Linategemea tishu zilizojaa maji, na hii ni sababu moja ya kulikuta kijitoni, kivulini, wala si kwenye mteremko mkavu wa juu.

Sababu nyingine iko kwenye uzazi. Spora ikiota haitoi kangaga moja kwa moja. Hutoa kwanza kijimmea bapa cha kijani kinacholala juu ya udongo, ambacho katika ukoo huu ni kinene na huishi muda mrefu. Mbegu za kiume hutoka hapo na kuogelea hadi kwenye yai, na bila utando wa maji haziwezi kufika. Udongo wa kingo za kijito haukauki upesi, hivyo safari hiyo inawezekana. Ndiyo maana ukikata miti iliyokitia kijito kivuli, kangaga hili huteseka hata kama hukuligusa.

Kabla hujasimama, tazama pale kikonyo kinapoingia kwenye bonge. Kila kikonyo kina masikio mawili manene, magumu, yamekikumbatia huku na huku. Jani likizeeka na kuanguka, masikio hubaki, na bonge lote limefunikwa nayo kama magamba ya mnyama. Sikio likimegeka likaangukia kwenye tope lenye kivuli, linaweza kuchipua. Kwenye kingo zenye unyevu mzuri, pekua kidogo majani makavu yaliyo pembeni ya kangaga mama: huenda ukaona chipukizi dogo lililojikunja kama konokono, likitokea kwenye sikio la jani lililokwisha kuanguka.