Martin Fowler na Kurifakta: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Dhana inayosikika mara nyingi kuhusu Martin Fowler, Mwingereza anayeandika vitabu vya utengenezaji wa programu, ni kwamba ndiye aliyebuni kurifakta, yaani kazi ya kupanga upya msimbo (maagizo ambayo programu imeandikwa kwayo) ili usomeke na kubadilika kwa urahisi. Sivyo. Watengenezaji programu wa Smalltalk, mojawapo ya lugha za kuandikia msimbo, walikuwa wakiifanya kazi hiyo kabla ya kitabu chake, Refactoring, kutoka mwaka 1999, na William Opdyke alikuwa amekwisha kuiandikia tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1992. Fowler anayaeleza hayo kitabuni bila kuficha, na Opdyke ni miongoni mwa waliokichangia. Mchango wa Fowler mwenyewe ni wa namna nyingine, nao kwa maoni yangu si mdogo: alizikusanya mbinu zilizokuwa mikononi mwa wachache, akaipa kila moja jina, sababu ya kuitumia na hatua za kufuata. Mengi ya majina hayo leo yamo kwenye menyu za programu tunazoandikia msimbo.

Dhana yenye madhara zaidi ni ile inayochukulia kurifakta kuwa ni kuuandika mfumo upya. Timu hutangaza kwamba inarifakta, mfumo ukalala wiki mbili, na unapoamka una hitilafu ambazo hazikuwapo. Kwa ufafanuzi wa Fowler, kurifakta ni kubadilisha muundo wa ndani wa programu bila kubadilisha tabia yake inayoonekana kwa nje, kwa hatua ndogondogo ambazo kila moja huiacha programu ikifanya kazi. Sura ya kwanza ya toleo la 1999 inaonyesha hivyo kwa mfano wa duka la kukodisha video. Programu ya duka hutoa hesabu ya mteja, na majibu yake ni sahihi. Tatizo ni kwamba watumiaji sasa wanaitaka hesabu hiyo hiyo kwa HTML, lugha ya kurasa za wavuti, ilhali fanksheni moja ndefu (kipande cha msimbo chenye kazi yake) imechanganya ukokotoaji wa bei na upangaji wa maandishi. Mwenye haraka angeinakili fanksheni nzima, na siku bei zikibadilika angelazimika kurekebisha mahali pawili. Fowler anaanza kwa kuhakikisha kuna majaribio yanayojikagua yenyewe, kisha anachomoa kipande kimoja, anaendesha majaribio, anabadilisha jina la kigeu (jina linaloshikilia thamani), anaendesha majaribio tena. Wapo wanaouona mwendo huo unachosha, lakini humo ndimo somo lilimo, kwa kuwa kosa likitokea hutafutwa katika mistari michache iliyoguswa sasa hivi, si katika kazi ya siku nzima. Kitabu pia kinaeleza sitiari ya kofia mbili ya Kent Beck, mtengenezaji programu mwenzake: ukivaa ya kuongeza uwezo mpya, huvai ya kurifakta, na ukitaka kubadili kazi, badili kofia kwanza.

Kutokana na dhana hiyo huzaliwa nyingine, kwamba kurifakta kunahitaji ruhusa na muda maalumu katika ratiba ya mradi. Muda wa namna hiyo huhitajika mara chache. Sehemu kubwa hufanyika ndani ya kazi ya kila siku, pale unapotaka kuongeza kitu na msimbo uliopo hauna nafasi ya kukipokea.

Wengine humtaja Fowler kama mhubiri wa mikroservisi, yaani kuugawa mfumo katika huduma ndogondogo zinazojitegemea, kwa kila mfumo, kwa sababu ya makala aliyoandika na James Lewis mwaka 2014. Makala hiyo ilieleza mtindo ambao timu kadhaa zilikuwa tayari zikiutumia. Mwaka 2015 Fowler alishauri kwamba mradi mpya uanze kama mfumo mmoja, na hata mwaka 2002, katika kitabu chake kuhusu usanifu wa mifumo ya mashirika, alikuwa ameonya dhidi ya kuzitawanya objekti (vipande vya programu vyenye data na kazi zake) kwenye kompyuta nyingi bila sababu.

Na hatimaye, baadhi hukiona Refactoring kuwa kitabu cha Java tu, lugha iliyotumiwa katika toleo la kwanza. Toleo la pili la mwaka 2018 limeandikwa kwa JavaScript, lugha nyingine, na duka la video limepisha kikundi cha maigizo kinachowaandalia wateja wake ankara. Majaribio bado yanatangulia.