"Si waing'oe tu hiyo reli?" Dhana potofu na ukweli kuhusu kuhamisha reli za mjini kupisha barabara

Kila nikikwama Uhuru Highway, Nairobi, jioni, pale reli ya kwenda Kibera inapokatiza juu kwa daraja, lazima atokee mtu ndani ya matatu aseme "hii reli si waing'oe tu wapanue barabara, kwani treni yenyewe inapita mara ngapi kwa siku?" na nusu ya gari inaitikia, konda naye anaongezea chumvi. Na mimi zamani nilikuwa naitikia, siwadanganyi. Halafu nikaanza kusoma miji iliyofanya hivyo kweli, iliyong'oa reli ikamwaga lami, nikagundua kwamba karibu kila kitu tunachosema kwenye matatu kuhusu hii ishu ni nusu ukweli, na ile nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza watu.

Dhana: Haya ni mambo ya Wazungu, huku kwetu haijawahi kutokea

Sasa hapa ndipo utacheka. Ukiondoka hapo darajani ukaelekea Museum Hill, hiyo barabara unayoilaani kwa foleni ndiyo ilikuwa reli yenyewe. Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na njia yake ya kwanza ya kwenda Kikuyu na bonde la ufa ilipita hapo hapo, ikakata Westlands ikapanda kuelekea Kabete. Baadaye, kipindi kile cha mpango mkuu wa jiji wa 1948, reli ikasukumwa upande wa kusini-magharibi ipitie Kibera, na ule ukanda wa zamani ukageuzwa barabara kubwa, ikaitwa Princess Elizabeth Way, uhuru ulipokuja ikawa Uhuru Highway. Na 2022 juu yake ikafunguliwa Nairobi Expressway, ile ya kulipia, kilomita 27 na kitu kutoka Mlolongo mpaka Westlands. Kwa hiyo ukanda mmoja umekuwa reli, ukawa barabara, ukawa barabara juu ya barabara, na foleni bado ipo chini, tena sisi ndio tumekaa ndani yake tukipendekeza ing'olewe reli nyingine.

Dhana: Reli ni vyuma na mataruma tu, unang'oa leo unalaza kwingine kesho

Ukweli ni kwamba barabara inaweza kupinda na kupanda karibu popote, treni haiwezi. Gari lina tairi za mpira, zinashika lami. Treni ni chuma juu ya chuma, ndiyo maana injini moja inavuta maelfu ya tani, na ndiyo maana hiyo hiyo inashindwa na kilima ambacho bodaboda anakipanda huku amebeba kitanda. SGR ya Mombasa kwenda Nairobi ilijengwa mwinuko wake usizidi asilimia 1.85, yaani ndani ya kilomita nzima inapanda mita 18 na nusu tu. Barabara inaweza kupanda mara tatu ya hapo na wewe ndani ya gari hata usishtuke.

Sasa piga hesabu. Unataka kuinua treni mita 8 tu ili ipite juu ya hiyo barabara yako mpya. Kwa mwinuko huo unahitaji zaidi ya mita 400 kila upande za kupanda na kushuka, hapo bado hujahesabu kona, maana kona ya treni ya mizigo si ya kukata kama matatu inayokwepa polisi, inataka mamia ya mita. Katikati ya mji hizo mita unazipata wapi? Unazipata kwenye nyumba za watu, kwenye soko, kwenye shule. Ndiyo maana projekti inayoanza na "tusogeze reli kidogo" inaishia na alama nyekundu za X kwenye kuta za watu ambao hata barabara hawaioni wakiwa mlangoni kwao.

Halafu kuna kitu watu wanasahau, kwamba huwezi kung'oa reli inayofanya kazi halafu ndio uanze kujenga mpya. Lazima ujenge kwanza njia mpya au njia ya muda ya pembeni, uunganishe, ujaribu ishara zake, uhamishe treni, kisha ndio unaigusa ya zamani. Unajenga mara mbili, unalipa mara mbili.

Dhana: Reli imelala, nyasi zimeota, hakuna hasara kuichukua

Hii ndiyo hoja iliyotumika Houston, Texas, na naomba tukae hapa kidogo maana ni mfano mtamu. Pembeni ya barabara kuu ya I-10 upande wa magharibi wa jiji, ile inayoitwa Katy Freeway, kulikuwa na reli ya kampuni ya Missouri-Kansas-Texas, watu wakiiita Katy kwa kifupi. Mwaka 1988 kampuni hiyo ikamezwa na Union Pacific, na 1992 idara ya uchukuzi ya jimbo ikanunua ule ukanda wa reli. Vyuma vikang'olewa. Kwenye makaratasi ilikuwa biashara safi kabisa, reli haina kazi kubwa, barabara imejaa, ukanda upo tayari umenyooka sambamba na barabara, sasa unangoja nini?

Wakajenga. Kazi ikaisha 2008, gharama kama dola bilioni 2.8, na kuna sehemu ukihesabu leni zote pamoja na za kulipia na zile barabara za pembeni zinafika 26. Ishirini na sita! Mtu wa Mombasa ukimwambia hivyo anakuuliza kama hiyo ni barabara au ni uwanja wa ndege.

Na foleni? Kwa miaka michache ya mwanzo ikapungua kweli, tusikatae. Halafu watu wakajenga nyumba mbali zaidi kwa sababu sasa kufika mjini ni rahisi, waliokuwa wanatoka saa kumi na moja alfajiri wakasogeza mpaka saa moja, wenye gari moja wakanunua la pili. Kati ya 2011 na 2014 muda wa safari asubuhi uliongezeka kwa asilimia 30 na jioni kwa asilimia 55. Sasa wakikaa wakifikiria treni ya abiria upande huo, ukanda walishautia lami. Hiyo ndiyo hasara ambayo haikuandikwa popote kwenye bajeti. Reli yenye nyasi sio takataka, ni njia iliyonyooka kuingia mjini ambayo tayari haina nyumba za watu juu yake, na kitu kama hicho ukikipoteza hukinunui tena hata uwe na hela za mafuta kama Texas.

Dhana: Basi weka reli katikati ya barabara, ndege wawili kwa jiwe moja

Inawezekana, na Chicago walifanya. Walipojenga Congress Expressway (siku hizi inaitwa Eisenhower) walibomoa reli ya juu ya Garfield Park, iliyokuwepo tangu 1895, wakaileta treni chini katikati ya leni za magari. Tarehe 22 Juni 1958 ikafunguliwa, na Marekani nzima ilikuwa mara ya kwanza kuona treni ya mjini na barabara kubwa ya magari vimepangwa pamoja kwenye mtaro mmoja uliochimbwa. Leo ni tawi la Forest Park la njia ya treni ya mjini inayoitwa Blue Line, bado linatembea. Kwa hiyo si uongo.

Ila jaribu kusimama kwenye stesheni ya namna hiyo. Kulia magari, kushoto magari, kelele huwezi kuongea na simu, moshi wote wako, kipupwe cha Chicago kinakupiga mbavuni, na kufika hapo umetembea juu ya daraja refu. Reli ya juu ya zamani ilikuwa inapita katikati ya mitaa, ukishuka ngazi uko dukani kwa muuza nyama. Ya katikati ya haiwei ukitoka unakutana na haiwei. Duka haliwezi kuota pale wala nyumba. Stesheni tatu za njia hiyo, California, Kostner na Central, zilikuja kufungwa 1973. Na mitaa iliyobomolewa kupisha huo mtaro ilikuwa na maelfu ya watu, wengi wahamiaji na watu weusi wa upande wa magharibi, ambao hakuna aliyewarudisha.

(Nisisahau kichekesho kimoja, barabara hiyo hiyo inapita ndani ya jengo. Jengo la posta kuu ya zamani liliachiwa tundu chini tangu linajengwa, kwa sababu walijua ipo siku barabara itakuja. Wenzetu wanapanga aisee.)

Dhana: Kuisogeza reli umbali wa mitaa michache tu si kitu

Boston. Huko mambo yalikuwa kinyume, ardhi ilishasafishwa na nyumba zikavunjwa kwa ajili ya barabara kuu ya I-95, wananchi wakakataa, gavana Francis Sargent akasimamisha na 1972 ikafutwa kabisa. Ule ukanda wakaupa treni, njia ya treni ya mjini inayoitwa Orange Line ikahamia hapo Mei 1987, na juu na pembeni wakaweka bustani. Safi, wote tunapiga makofi. Lakini reli ya zamani ya Orange Line, ya Washington Street, waliibomoa, na watu wa mtaa wa Roxbury waliokuwa wanaitegemea waliahidiwa mbadala. Mbadala ukaja 2002, miaka 15 baadaye, na ulikuwa basi. Kwa injinia stesheni mpya iko karibu tu, kwa bibi mwenye magoti mabovu na mifuko ya sokoni ni nchi nyingine.

Dhana: Ni usumbufu wa muda tu, vumilieni

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote kwa sababu ndiyo inayobandikwa kwenye kila bango la mkandarasi. Turudi Chicago, maana sijamaliza.

Ujenzi wa Congress Expressway ukiwa unaendelea, kuanzia Septemba 1953 treni za Garfield Park zilishushwa zikawekwa barabarani, kwenye mtaa wa Van Buren, reli ya muda. Treni ya umeme ya abiria inasimama taa nyekundu pamoja na magari, ikiruhusiwa inasogea, inafika taa nyingine inasimama tena. Ya muda ilidumu karibu miaka mitano.

Sasa kulikuwa na kampuni nyingine, Chicago Aurora and Elgin, iliyoleta watu kutoka miji ya magharibi moja kwa moja mpaka katikati ya Chicago, ikitumia reli hizo hizo za juu. Kuingiza treni zake za kasi kwenye Van Buren kungemaliza ratiba yote, kwa hiyo ikaamua kuishia Forest Park, pembezoni mwa Chicago, na abiria wake wakashuka hapo wakabadilishe treni. Wewe ulikuwa unakaa kiti kimoja toka nyumbani mpaka kazini, sasa unashuka kwenye baridi, unasubiri, unapanda nyingine inayosimama taa nyekundu. Watu wakahesabu wakaona bora gari. Abiria wakamwagika kama maji, hela ikaisha, na mazungumzo ya kuirudisha kampuni mjini barabara ikikamilika yalikuwa bado yanasuasua.

Tarehe 3 Julai 1957, mkesha wa sikukuu yao ya uhuru, mahakama ikatoa ruhusa ya kusimamisha huduma. Wakubwa wa kampuni hawakungoja hata jioni. Saa sita na ushei mchana treni zikakatwa. Fikiria mtu aliyetoka nyumbani asubuhi, kakata tiketi kama kawaida, kaenda kazini, jioni anafika Forest Park na mkoba wake na pengine keki ya watoto ya sikukuu, hakuna treni. Sio imechelewa, haipo na haitakuwepo. Maelfu walikwama siku ile, wakaanza kutafuta basi, kupigia ndugu, kuomba lifti.

Mtaro wa Congress ukafunguliwa mwaka mmoja baadaye, reli yake imekaa vizuri katikati ya barabara, ila ile kampuni haikuwepo tena kuja kuitumia. Mizigo nayo ikakoma 1959. Hakuna aliyekaa mezani akasema tuue reli ya Aurora, kwenye mpango ilikuwa imeandikwa kuhamishwa, si kuuawa. Iliuliwa na ule usumbufu wa muda.

Kwa hiyo siku hizi kwenye matatu mtu akisema si waing'oe tu, simbishii kwamba haiwezekani. Namuuliza, kuanzia siku wanaing'oa mpaka siku wanairudisha, mama anayepanda treni ya asubuhi Kibera kwa sababu nauli ya matatu imemshinda atapita wapi? Kawaida kunakuwa kimya kidogo halafu konda anaongeza sauti ya redio.

Na ule ukanda wa Aurora, kama ulikuwa unajiuliza, tangu miaka ya 1960 ni njia ya kutembea kwa miguu, inaitwa Illinois Prairie Path. Watu wanapita na baiskeli na mbwa wao.