Vidonge vya kunenepa havijengi mwili
Kijana mwembamba hapa Mombasa hakosi wa kumwambia: “Meza vidonge, mwezi mmoja tu utajaa.” Si kweli. Baadhi ya vidonge hivyo ni deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe. Ukiitumia kiholela, uso hujaa maji na mafuta, misuli hudhoofika, sukari na presha hupanda. Aliyeizoea asiache ghafla. Amwone daktari kwanza, tafadhali.

Ili unenepe, mwili hutaka chakula kizidi kidogo unachotumia, kalori 300 hadi 500 kwa siku. Juu ya mahamri na mbaazi za nazi zako za asubuhi, kikombe cha maziwa na konzi ya korosho hufikisha 300. Nyanyua vyuma pia, misuli ikue. Ukikonda ghafla, kapimwe kifua kikuu na kisukari.