Kifukofuko si pupa

Juzi mtoto wa jirani, hapa Ngamiani, alinijia na daftari la sayansi. "Shikamoo bibi. Hebu niangalizie, nimekosa wapi?" Alikuwa amechora maisha ya kipepeo: yai, kiwavi, pupa, kipepeo. Neno pupa limekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa "kifukofuko".

Hajakosa popote. Mkanganyiko huu nimeusikia redioni na sokoni mpaka nimechoka, basi leo niuseme.

Pupa ni mdudu mwenyewe, kiwavi aliyeacha kula akatulia ili mwili wake ujengwe upya kuwa kipepeo au nondo. Kifukofuko ni nyumba ya hariri ambayo baadhi ya viwavi hujisokotea kabla ya hapo.

Neno lenyewe linajieleza. Ndani yake limo fuko, ndugu yake mfuko na kifuko, na ndilo tunalolisikia katika fuko la uzazi. Kurudia shina ni desturi yetu tunapovipa majina vitu vidogo, kama tulivyomwita kimulimuli. Kifukofuko basi ni kitu mfano wa kifuko, na kifuko huwa na kitu ndani. Hatuuiti mfuko unga kwa sababu tu umebeba unga.

Pupa limetoka Kilatini, maana yake mwanasesere. Nadhani linakimbiwa kwa sababu Kiswahili kilikuwa tayari na pupa yake, ile ya mla kwa pupa hadiriki tamu. Ni maneno mawili yenye asili mbili, yamekutana kwa sauti tu. Mdudu huyu hali chochote wala hana haraka.

Tofauti hii niliielewa kwa mkono. Mwaka mmoja, huko Handeni, niliokota chini ya mng'ong'o kifukofuko cha nondo-mwezi wa Afrika, ambaye wataalamu humwita Argema mimosae, mmoja wa ukoo wa nondo wakubwa wa hariri. Kilikuwa na rangi ya fedha, kigumu kama karatasi nene, kimejaa matundutundu ya kupitisha maji ya mvua. Nikakitikisa sikioni, kitu kikagonga ndani. Nilichoshika ndicho kifukofuko. Aliyegonga ndiye pupa.

Nilikitundika ndani ya kipande cha chandarua, nikawa nakinyunyizia maji kidogo. Kiwavi wake, wa kijani na mwenye vinundu mgongoni, alikuwa ameshamaliza kazi ya kula majani ya mng'ong'o na kujivua ngozi kila ilipombana. Jioni moja nondo akatoka, mbawa zimekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Akapanda chandarua, akaning'inia, mbawa zikajaa polepole: manjano yenye ukijani, na mikia miwili mirefu. Asiyepata mahali pa kuning'inia hubaki na mbawa zilizopinda, kwa hiyo anayefuga asimweke kwenye kopo laini. Chakula usimpe, kwa sababu hana kinywa cha kulia. Huishi kama wiki moja kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi. Jike hutulia usiku akitoa harufu, na dume humfuata kutoka mbali kwa vipapasio vyake vilivyo kama manyoya.

Kifukofuko bado ninacho kabatini. Kimebaki na ganda la pupa tu, na ukikitikisa kinachakarisha.

Sasa nenda Amani, kwenye Usambara Mashariki, kwa wanaofuga vipepeo. Kabla serikali haijazuia kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016, walikuwa wakipeleka pupa Ulaya na Marekani. Ni pupa watupu, wasio na hariri iliyowafunika. Kiwavi wa kipepeo huweka kitone cha hariri cha kujishikizia kwenye tawi, wengine huongeza uzi mmoja kiunoni, kisha ngozi ya pupa mwenyewe hukauka ikawa ngao. Na si kila nondo ana kifukofuko. Bunaea alcinoe, wa ukoo uleule wa nondo-mwezi, hujichimbia udongoni akawa pupa humo humo.

Nilimwandikia mwalimu kikaratasi, mtoto akakipeleka: "Mwalimu, salaam. Mchoro ni wa kipepeo, na pupa ni sahihi. Neno kifukofuko ni zuri, naomba tuwaachie wanaokisokota. Mtoto akikuletea hiki cha fedha, kitikise, halafu umrudishie kwa usalama."